Mnapima Macho ya Wavu, Ndoano Nani Ataipima?

Miezi ya karibuni nimeulizwa mara kadhaa, na watu ninaowaheshimu, swali ambalo miaka 20 iliyopita lingesikika kama kichekesho katika korido za vyuo vyetu: "Daktari, ninunue fimbo gani ya kuvulia?" Wanaouliza ni wahadhiri wenzangu, maofisa wa wizara na halmashauri, mawakili vijana, watu wenye gari, likizo, na simu iliyojaa picha za marafiki waliokumbatia sangara mkubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Wanajua kwamba mimi huvua kwa fimbo, basi wanataka nitaje chapa, nitaje urefu, nitaje duka, kisha niwaache waende zao. Nimeamua kulijibu swali hilo hapa, hadharani, kwa sababu jibu langu haliishii dukani, na kwa sababu baadhi ya wanaoliuliza ndio hao hao wanaoandika kanuni zetu za uvuvi.

Katika nchi hii chombo cha mvuvi maskini ni kielelezo cha mahakamani, na chombo cha mvuvi wa burudani ni pambo la sebuleni. Wavu unapimwa tundu kwa tundu. Aina ya uzi wake inachunguzwa, urefu wake unahojiwa, mwenye nao anatakiwa kujieleza. Fimbo yenye rili inayong'aa na chambo bandia chenye ndoano tisa inapita mbele ya macho yale yale ya serikali, na macho hayo yanatabasamu, kwa kuwa nyuma ya fimbo ile kuna dola za mtalii au kuna bosi wa mtu. Mimi nadai rula moja kwa wote wawili.

Tuanze na kumbukumbu ambayo haijapoa. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Sangara katika Ziwa Victoria. Nyavu zilikamatwa na kuteketezwa kwa moto, mitumbwi ikashikiliwa, watu wakatozwa faini ambazo kwa mwenye mtumbwi mmoja zilikuwa ni hukumu ya kufilisika. Ukali ule ulifika mpaka Dodoma: mwezi Juni mwaka huo maofisa waliingia na rula katika mgahawa wa Bunge na kupima samaki, na wabunge waliokuwa wametulia nyavu zilipokuwa zikiungua kule Mwanza na Mara ghafla wakagundua kwamba rula inaweza kudhalilisha. Taifa likacheka kwa siku chache, kisha likasahau.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Makokoro yanakomba mazalia, nyavu za timba zinakamata kila kinachopita, na baruti, iliyopigwa marufuku kisheria tangu 1970, imeua matumbawe ya pwani yetu kwa miongo. Anayesema sheria za zana ni uonevu mtupu hajawahi kuona kokoro likivutwa ufukweni na vifaranga vikimwagwa mchangani kama pumba. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ina haki ya kuuliza wavu una macho gani. Ninachouliza mimi ni kwa nini udadisi huo wenye haki unakoma pale mvuvi anapokuwa amevaa kofia yenye chapa.

Fikiri juu ya kipimo chenyewe. Kwa miaka mingi usimamizi wa sangara katika Ziwa Victoria umejengwa juu ya wazo la sentimita 50 hadi 85: aliye chini ya 50 ni mtoto, aliye juu ya 85 ni mzazi. Upande wa chini kila mtu anauelewa. Hata bibi anayekaanga samaki stendi anajua kwamba kitoto hakiliwi. Upande wa juu ndio wenye elimu zaidi. Sangara jike huchelewa kupevuka kuliko dume, na akishakuwa mkubwa hubeba mamilioni ya mayai. Jike mmoja wa kilo 60 ni hazina ambayo majike wadogo hawawezi kuifidia kwa urahisi. Kwa hiyo aliyeweka ukomo wa juu alikuwa akisema: mwacheni mama.

Sasa niambie, nani hasa anamtafuta mama? Mvuvi wa migonzi huchukua anachopata, na samaki wa kati humtosha, kwa kuwa kiwanda kinanunua minofu kwa kilo. Anayelipa boti, mafuta, mwongozaji na chumba cha hoteli ili amtafute sangara wa kilo 50 au 80, na anayehesabu siku imeharibika akipata wa kilo 6, ni mvuvi wa fimbo. Mchezo mzima umesimama juu ya ukubwa. Rekodi ya dunia ya sangara inayotambuliwa na IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoanzishwa mwaka 1939, ni samaki wa kilo 104 na ushei aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, na kila anayerusha chambo Rubondo, au chini ya maporomoko ya Murchison kule Uganda, anaota ndoto ya namna hiyo. Samaki ambaye kipimo kimemkinga na wavu ndiye hasa ambaye fimbo imemwekea bei.

Hapa najua jibu litakalokuja, maana nimelisikia mezani mara nyingi: "Sisi tunavua na kuachia. Na sisi ni wachache." Yote mawili ni kweli kwa kiasi, na nitayapa heshima yake. Wavuvi wa burudani ni wachache kweli. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema fimbo za watalii ndizo zilizopunguza samaki wa ziwa lenye maelfu kwa maelfu ya mitumbwi. Baharini ni hivyo hivyo: nduaro wa Bahari ya Hindi wanamalizwa na meli za mishipi mirefu na za majarife ya mataifa mengi, wala si na boti chache za Watamu, Shimoni na Mafia. Pwani ya Kenya wavuvi wa michezo wamefanya hata jambo la kusifiwa: kupitia African Billfish Foundation wamekuwa wakiwawekea alama sulisuli na nduaro kabla ya kuwaachia, na elimu iliyopatikana kwa njia hiyo imetunufaisha sote.

Lakini "kuachia" ni neno linalohitaji kupimwa kama wavu unavyopimwa. Samaki aliyeachiwa akaogelea mita 20 akazama na kufa hakuachiwa, amefichwa. Na kitakachoamua kama ataishi au atakufa kwa sehemu kubwa kimeshaamuliwa kabla boti haijang'oa nanga, pale mnunuzi aliposimama mbele ya kaunta na kuchagua uzi, rili, fimbo na chambo. Ndiyo maana nasema swali la duka ni swali la siasa, na ndiyo maana nitakaa dukani kwa muda.

Nianze na uzi, kwa kuwa ndipo ulipo uongo mkubwa zaidi wa mchezo huu. Vilabu vya uvuvi hugawa nyuzi kwa madaraja ya nguvu: kilo 4, kilo 6, kilo 8, na kuendelea hadi 37 na 60. Anayemtoa samaki mkubwa kwa uzi mwembamba husifiwa kuliko anayemtoa kwa uzi mnene, na sababu inayotolewa ina sauti nzuri: eti uzi mwembamba unampa samaki nafasi, unaleta haki. Tuipige hesabu haki hiyo. Breki ya rili, kile kifaa kinachoruhusu uzi kutoka kabla haujakatika, kwa kawaida huwekwa kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 8 basi unamruhusu mvuvi kuvuta kwa nguvu ya kilo mbili na ushei tu. Mbele yake kuna samaki wa kilo 60. Hawezi kumvuta, anachoweza ni kumchosha. Atamchosha kwa nusu saa, kwa saa nzima, mpaka misuli ya samaki ijae asidi na damu yake ikose hewa, katika maji ya uvuguvugu ya ikweta ambayo tayari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Kisha anapiga picha, anamshusha majini kwa upole, anaandika kwamba amemwachia huru.

Haki iliyomo katika uzi mwembamba ni haki ya ushindani baina ya mvuvi na mvuvi. Samaki hakualikwa katika makubaliano hayo. Ukimpenda samaki kama unavyosema, nunua uzi wa daraja la kilo 24 au 37, kaza breki inavyostahili, mtoe kwa dakika chache, mwachie angali na nguvu. Wenzako wa klabu watakuona mshamba. Vumilia.

Fimbo inafuata uzi. Muuzaji atakuonyesha ya kaboni, nyepesi kama unyoya, ghali, na atakuambia utahisi samaki akipumua. Ni kweli kaboni ina hisi nzuri, na kwa anayerusha chambo kutwa nzima wepesi wake ni nafuu kwa bega. Lakini kwa kurambaza kutoka botini, kazi ambayo ndiyo wengi wetu tutaifanya ziwani na baharini, fimbo ya nyuzi za kioo ni ngumu kufa: inapinda bila kuvunjika, inagongwa ukingoni mwa boti na kuendelea na kazi, na inagharimu sehemu ndogo ya bei ya ile nyingine. Nimeona fimbo za kaboni zikipasuka kwa kuwekewa kreti la soda.

Juu ya rili nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayokula fedha nyingi. Rili za juu za baharini, kama Shimano Stella au Daiwa Saltiga, katika saizi zake kubwa huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani, yaani mishahara ya miezi kadhaa ya mwalimu wa shule ya msingi. Ni mashine bora, sikatai. Ila anayevua mara sita kwa mwaka hanunui mashine hapo, ananunua cheo. Usihesabu beringi kama muuzaji anavyokuhesabia; uliza breki inateleza laini kiasi gani, uliza vipuri vinapatikana wapi, na uliza fundi wa Mwanza au Mombasa anaweza kuifungua bila kusubiri kipuri kutoka Osaka. Rili kubwa ya ngoma, yenye breki ya kaboni, inayooshwa kwa maji baridi kila jioni, itamzika mnunuzi wa ile ya dola 1,000 anayeitupa stoo na chumvi yake.

Sasa chambo bandia, na hapa naomba msomaji asikilize kwa makini zaidi. Chukua chambo kinachotumika sana kurambaza sangara: kisamaki cha mti au plastiki, urefu wa kiganja au zaidi, chenye ulimi wa mbele unaokizamisha. Tumboni kimening'iniza ndoano mbili au tatu, na kila ndoano ina makucha matatu, na kila kucha lina kijino cha kuzuia lisichomoke. Hesabu: makucha sita au tisa katika samaki mmoja. Mgonzi wa mvuvi wa Ukerewe una ndoano ya kucha moja kwa kila chambo. Sangara anayekipiga chambo kile bandia hunaswa mdomoni kwa ndoano moja, na anapojipinda ndoano ya pili humkamata jicho, matamvua au shavu. Kumfungua ni upasuaji. Mikono yetu mikavu inamkwangua ute, anakaa nje ya maji dakika tatu, dakika tano, damu inachirizika kutoka kwenye matamvua. Ndugu zangu mnaoandika kanuni, huyo ndiye mama wa juu ya sentimita 85 mliyemkinga na wavu.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Vua zile ndoano za makucha matatu, weka ndoano moja moja imara, bana vijino vyake kwa koleo mpaka vilale. Samaki wachache zaidi watachomoka, nakubali. Hiyo ndiyo bei. Kwa anayevua kwa chambo halisi ipo ndoano ya duara, ambayo ncha yake imerudi ndani: samaki akimeza na kuondoka, ndoano huteleza kutoka kooni na kushika pembeni mwa mdomo, badala ya kuchimba tumboni kama ndoano ya kawaida. Umbo hilo si uvumbuzi wa maabara. Watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga ndoano za namna hiyo kwa mifupa na kombe karne nyingi kabla ya viwanda. Na Marekani, nchi ambayo wavuvi wake wa michezo wana kelele na fedha kuliko wetu wote, tangu mwaka 2008 imelazimisha ndoano za duara katika mashindano ya nduaro ya Bahari ya Atlantiki pale chambo halisi kinapotumika. Hakuna mchezo uliokufa kwa ajili hiyo.

Niruhusiwe mchepuko mmoja juu ya hicho kisamaki cha bandia, kwa sababu historia yake inawaumbua wanaodhani zana za fimbo ni za ustaarabu wa juu na zana za mvuvi mdogo ni za ushenzi. Chambo maarufu kuliko vyote vya aina hii, Rapala, kilibuniwa na Lauri Rapala huko Finland katika miaka ya 1930. Hakuwa bwana wa klabu. Alikuwa mvuvi maskini aliyepiga makasia maziwani kulisha familia, akaona kwamba samaki wala-nyama humfuata samaki mdogo anayeyumba kama mgonjwa. Akachonga kipande cha gamba la mti, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akakipaka utando alioupata kwa kuyeyusha filamu za picha. Zana inayouzwa leo kwa watalii kama alama ya starehe ilizaliwa na njaa. Mvuvi wa Kizimkazi au Msambweni anayerambaza jodari kwa mshipi wa mkono, kwa manyoya na vipande vya nailoni alivyovifunga mwenyewe, ni ndugu wa Rapala wa kazi na wa akili. Tofauti ni kwamba mmoja anaitwa mbunifu na mwingine anaitwa mvuvi haramu mpaka athibitishe vinginevyo.

Wala upendeleo huu haukuanza jana. Samaki kadhaa wa nchi hizi waliletwa kwa ajili ya fimbo. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, yakapandwa katika mto Gura wa milima ya Aberdare, ili walowezi wapate mchezo wa nyumbani kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 bass wa Marekani aliwekwa Naivasha kwa sababu hiyo hiyo. Na sangara mwenyewe, huyu tunayemchomea watu nyavu, alipandwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miongoni mwa hoja zilizotolewa na waliomtaka ilikuwamo hoja ya burudani: angekula furu, wale samaki wadogo ambao maofisa waliwaita takataka, na angetoa mchezo mzuri kwa fimbo. Mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kuonya dhidi ya jambo hilo. Hakusikilizwa, na kwa vyovyote samaki walikuwa wameshaingizwa kimyakimya. Miaka ya 1980 sangara alifumka, aina nyingi za furu zikatoweka, ukazaliwa uchumi wa minofu uliolisha maelfu na kuwafilisi maelfu wengine. Waliokuwa wakiishi kwa furu na ningu hawakuulizwa.

Rubondo ni mfano mwingine wa kusikitisha. Familia za wavuvi na wakulima zilizokuwa kisiwani zilihamishwa katika miaka ya 1960 kisiwa kilipofanywa pori la akiba, kisha mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Leo kijana wa bara ya ng'ambo, ambaye babu yake alivua katika miamba ile, akiingiza mtumbwi na wavu ndani ya mpaka wa hifadhi ni jangili. Mgeni mwenye kibali anaingia na fimbo, na uvuvi wake ni kivutio kinachotangazwa. Naelewa sababu za hifadhi: mazalia yanahitaji mahali pa kupumulia, na mapato ya watalii si haramu. Lakini usimwambie kijana yule kwamba tofauti yake na mgeni ni elimu ya uhifadhi, wakati mgeni hajaulizwa ana makucha mangapi kwenye chambo chake. Kijana ana macho. Anaona kwamba kinachotenganisha uvuvi na ujangili hapa ni pasipoti na pochi, na siku doria itakapomhitaji kama shahidi au mtoa taarifa, atanyamaza. Sheria ya uvuvi katika ziwa lenye ufukwe wa maelfu ya kilomita haiwezi kulindwa na boti za doria peke yake. Inalindwa na watu wanaoamini kwamba inawahusu wote. Imani hiyo tunaipoteza kwa mambo madogo kama haya.

Nini kifanyike? Leseni ya uvuvi wa michezo ipo katika sheria zetu. Iandikiwe masharti ya zana kwa ukali ule ule wa leseni ya wavu. Ndoano za makucha matatu zisiruhusiwe kwa samaki anayekusudiwa kuachiwa. Ndoano za duara ziwe lazima kwa chambo halisi baharini. Nguvu ya uzi iwe na kiwango cha chini kulingana na samaki anayewindwa, na mashindano yanayotoa zawadi kwa uzi mwembamba yasipewe kibali. Kupima uzito kwa kumning'iniza samaki mkubwa taya juu, desturi ya picha za gatini, kukome kwa samaki wa kuachiwa. Urefu ukipimwa majini unatosha kukadiria uzito. Mkaguzi anayepanda mtumbwi kupima macho ya wavu apande pia boti ya kukodi na kufungua sanduku la vyambo. Na chubwi za risasi tuzitazame mapema: Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa nyingi kati yake mwaka 1987 baada ya mabata-maji kufa kwa sumu yake, nasi tuna ndege wa ziwani ambao hatujawauliza.

Najua ofisa mmoja atasema, "Mheshimiwa, utawafukuza watalii." Mtalii aliyelipa maelfu ya dola kuja kumtafuta samaki hatarudi nyumbani kwa sababu ameambiwa abane vijino vya ndoano. Kwao wengi wameshazoea masharti makali kuliko hayo, na wengine watatusifu. Atakayenuna ni mwenyeji mwenye cheo, aliyezoea kwamba doria ikimwona inapiga saluti. Huyo ndiye ninayemwandikia hasa, kwa kuwa ndiye aliyeniuliza ninunue fimbo gani.

Basi, ndugu yangu, hili ndilo jibu lako. Nunua fimbo moja ya nyuzi za kioo, ya urefu wa kukutosha botini, ya daraja la uzi wa kilo 24. Nunua rili ya ngoma ambayo fundi wa mjini kwako ameshaifungua walau mara moja. Jaza uzi wa nailoni wa kawaida. Unanyumbuka, unasamehe makosa ya mkono, na ule wa kusukwa ukikatika na kubaki kwenye miamba utaendelea kunasa viumbe muda mrefu baada ya wewe kustaafu. Nunua vyambo bandia vinne, si arobaini. Sangara hasomi rangi za katalogi. Fedha itakayobaki mlipe mwongozaji wako vizuri, maana yeye ndiye anayejua mwamba ulipo. Na kabla hujatoka Mwanza pitia kwa fundi baiskeli yeyote pale Kirumba, umwombe koleo kwa dakika kumi, ukae kwenye benchi lake, ubane vijino vyote. Atakuuliza unafanya nini. Mweleze, na umweleze pia kwamba hakuna aliyekulazimisha, kisha usikilize atakavyokujibu kuhusu wavu wa kaka yake.